Mmefuta jogoo, mmefuta na baba yangu

Juzi binti yangu aliniomba nimwonyeshe babu yake akiimba. Nikafungua linki ya YouTube niliyoitunza miaka yote. Kiboksi cheusi: video haipatikani. Nikampigia kijana anayesimamia chaneli ya kwaya yetu ya zamani. Akanijibu hata bila kusitasita: "Kaka, tumesafisha. Zile za zamani zilikuwa na kelele."

Wamesafisha! Utadhani banda la kuku.

Ndiyo, zilirekodiwa kwa simu, na jogoo anawika katikati ya ubeti wa pili. Lakini nyuma karibu na dirisha amesimama marehemu baba, anaimba besi. Nakala nyingine? Hakuna, walizifuta kwenye simu siku zilezile walizopakia, wakijua ziko salama YouTube. Na YouTube haina jalala ukafukue; ukifuta, umefuta.

Kinachoniuma zaidi ni maoni. Chini ya wimbo ule watu walikuwa wamekutana. Mmoja yuko Uingereza anauliza nani bado yuko hai, mwingine anamjibu kutoka Mwanza, mama mmoja anaandika kwamba wimbo huo ndio uliomzika mumewe. Haya hayakuandikwa na msimamizi wa chaneli. Hakuyatunga, hakuyalipia, ila kidole chake kimoja kimeyazika yote, na wenyewe hawana hata taarifa. Nani alimpa mamlaka hayo? Nenosiri!

Sasa chekeni kidogo. Kwaya ilikuwa inajiandaa kuomba YouTube iweke matangazo kwenye video zake, ipate chochote. Masharti: wafuasi 1,000, na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa hizo huhesabiwa kwa video zilizo wazi kwa umma. Zilizokuwa zinatazamwa ni zipi? Za jogoo! Wamefuta mtaji wao kwa mikono yao, wamebaki na video tatu za droni.

Haya, nakubali, ipo ya kufutwa. Mtoto wa mtu amerekodiwa bila ridhaa, futa leo. Ila anayefuta akidhani onyo la hakimiliki, lile la kutumia kazi ya mwingine bila ruhusa, litaondoka na video, pole yake. Video inakwenda, onyo linabaki. Na kama ni aibu tu ya kamera mbovu, si ungeifanya binafsi, umma usiione? Siku ukijuta, unaifungua.

Kama kuna aliyewahi kuipakua, jogoo anawika ubeti wa pili, nitumie. Hata nusu yake.