Kabla ya gundi, shika randa ndefu

Meza yangu ya chakula ni ya mninga. Niliinunua mpya, na haikumaliza mwaka ikafunguka katikati. Nilipochungulia ule ufa nikakuta unga wa mbao uliokorogwa na gundi, umeshindiliwa humo na kupakwa vanishi juu. Maana yake fundi aliona mapema kwamba mbao hazikukutana, akaficha. Hilo ndilo lililoniuma.

Wengi hulaumu gundi, au mbao mbichi. Mbao mbichi zina balaa lake, sibishi. Lakini gundi nyeupe haikutengenezwa kuziba mwanya. Kazi yake ni kushika kingo mbili zinazogusana. Zikigusana sawasawa, ungio linakuwa imara kuliko mti wenyewe. Ligonge kwa nyundo uone: mara nyingi utapasuka ubao, mstari wa gundi utabaki.

Kinachokosekana kwenye karakana zetu ni randa ndefu, kile kifaa cha mkono chenye kisu cha kuparuza mbao. Randa namba 4, yenye kama inchi 9 na nusu, ni ya kulainisha uso. Ukiipitisha kwenye ukingo wa futi 6 inapanda na kushuka pamoja na ubao, mwishowe unapata ukingo laini uliopinda. Namba 7 ina inchi 22. Hiyo hupita juu ya vilima, haizami mabondeni, kwa hiyo kisu hula palipoinuka tu. Mwanzoni maranda, yale maganda ya mbao yanayokatwa na kisu, hutoka vipandevipande. Yakianza kutoka utepe mmoja, kutoka ncha hadi ncha, ukingo umenyooka.

Mzee aliyenifundisha kushika randa alikuwa akizikunja mbao mbili kama kitabu, uso wa juu kwa uso wa juu, akazibana kwenye jiliwa, kile kibano cha meza ya fundi, na kuzipiga randa kwa pamoja. Hata mkono ukiinama kidogo, pembe iliyopungua huku inazidi kule. Ukizifunua, zinalala sawa. Kisha alipitisha randa mara moja zaidi katikati ya urefu wa ukingo, kiasi cha unene wa karatasi, ili ncha zibane kwa nguvu. Ncha ndizo hukauka kwanza, na ufa hupenda kuanzia hapo.

Mashine ya kupiga randa siikatai, inaokoa muda. Ila visu vyake huzunguka, na huacha mawimbi madogo ambayo kidole kinayahisi kabla ya jicho. Ipitishe randa ya mkono mara mbili, iliyonolewa vizuri, ndipo ufungue chupa ya gundi. Na wewe mteja, nenda uione meza yako kabla haijapakwa vanishi.

Meza yangu nimeifungua Jumamosi. Nilikwangua uchafu wote, nikapiga randa asubuhi nzima. Saa kumi nilizisimamisha zile mbao mlangoni, moja juu ya mwenzake, jua likiwa nyuma yake. Mwanga haukupita.