Nimelipia Kulala Chini

Wazo lilikuwa la mama watoto. "Wenzetu wote wa ofisini wanaenda kupiga kambi." Nikamwambia kambi naijua, nilipita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Hakucheka.

Jumamosi tukatoka Minneapolis kuelekea Itasca, hifadhi ya jimbo huko kaskazini mwa Minnesota, hapa Marekani. Kuingiza gari unalipa, halafu kiwanja cha kupiga hema nacho kina bei yake. Na nyumbani kodi ya mwezi nimeshalipa, kitanda kimetandikwa, hakuna anayekilalia.

Kwenye buti nilikuwa na kuni. Kavu, nimezipasua mwenyewe. Askari wa hifadhi, kijana mpole kabisa, akazichungulia, akasema hizo haziingii, kuna wadudu wanaoua miti husafiri ndani ya kuni. Sawa, nitaokota humu humu. Kuokota nako marufuku, matawi yanaachwa yaoze yarutubishe udongo. Nikautazama ule msitu. Misonobari imesimama hadi mbinguni, chini matawi makavu yamejilaza yananing'ong'a. Mimi, ambaye bibi yangu kule Magu alibeba mizigo ya kuni kichwani maisha yake yote, nikatoa pochi nikanunua kuni zilizofungwa kwa plastiki. Zilikuwa sita. Nilizihesabu mara mbili.

Tukaenda kuona chanzo cha mto Mississippi. Unatoka ziwani ukiwa mtaro tu, watu wanauvuka kwa kukanyaga mawe. Pembeni limesimikwa gogo lenye maandishi kwamba toka pale maji yanakwenda maili 2,552 mpaka Ghuba ya Meksiko. Mtoto wa Mwanza, niliyejifunzia kuogelea Ziwa Victoria, nikateleza jiwe la tatu. Maji yenyewe ya magoti! Wanangu wanayo video.

Usiku usiseme. Mbu wa Minnesota hana malaria, nakiri, ila ana njaa. Chakula chote kinafungiwa garini kwa sababu ya dubu, kwa hiyo pilau imelala kwenye kiti cha ngozi, sisi tumelala juu ya mizizi. Saa nane kitu kikalia huko ziwani, sauti ya mwanamke anayecheka msibani. Nikasoma dua zote ninazozijua, na mbili za jirani. Kumbe ni ndege, tena ndiye ndege rasmi wa jimbo!

Asubuhi nikampigia mama simu ya video aone mandhari. Ziwa hakuliona. Aliona hema, moshi, mkamwana wake kajifunga khanga anapuliza moto, na mimi macho yamevimba. Akanyamaza, akakata simu.

Leo nimeingizwa kwenye grupu la WhatsApp, "Kamati ya Kuwarudisha Nyumbani". Shangazi ndiye mweka hazina. Mpaka sasa ahadi zimefika shilingi 250,000, na kuna mjomba anauliza mbona mimi sijachanga.