Msitu ndani ya duka la bangi

Kanada iliruhusu bangi ya starehe tarehe 17 Oktoba 2018, kwa sharti kwamba bidhaa zisionekane na watoto. Maduka mengi yakaziba vioo vyake. Chumba kisicho na dirisha huchosha, na wasanifu wakaleta msitu ndani: mimea hai ukutani, nguzo za magogo, taa zenye mwanga kama wa jua linalopenya matawi, sauti ya maji.

Mimi napanga maduka hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kwetu bangi imekatazwa, wala siitetei. Kinachonigusa ni mbinu yenyewe, kwa sababu wenye mikahawa na maduka ya dawa za asili wameanza kuiomba.

Ina nguvu kweli. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alionyesha kwamba wagonjwa waliopasuliwa, wakalazwa penye dirisha linalotazama miti, walitoka hospitalini mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Katika duka la bangi, mtu aliyeingia na aibu yake hutulia, akauliza kipimo na madhara badala ya kunyakua na kukimbia. Hilo naliheshimu.

Lakini majani yale ukutani yanasema pia: hiki ni cha asili, hakidhuru. Hapo sikubali. Bangi hulevya, na wapo inaowatawala. Tena sehemu kubwa ya inayouzwa kule hukuzwa ndani ya majengo, chini ya taa zinazokula umeme mwingi. Mteja anaonyeshwa msitu ambao mmea ule haukuuona kamwe.

Kwetu uzito ni mkubwa zaidi. Msitu wa Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, hifadhi tangu 1970, iliwekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1997, na hadi leo miti yake inakatwa kwa ajili ya makaa. Nikichukua mbao za huko ili mnywa kahawa ajisikie yuko porini, nimebomoa kile ninachokisifu. Natumia mikaratusi ya kupandwa na mawe ya volkano kutoka Goma. Ni nafuu, na kila mtu anajua yametoka wapi.

Muuza dawa za asili mmoja aliniomba nimjazie ukuta majani ya plastiki. Nilimsihi tusogeze kwanza kabati lililoziba dirisha la nyuma. Tulipolisogeza, ziwa Kivu lote lilikuwa pale.