Mtu wa Pwani hasemi "mtoto yangu"

Jumamosi iliyopita nilikuwa Tanga kwa bamdogo, nimempelekea flashi ya muvi maana tangu astaafu ubaharia jioni zinamwia ndefu. Tukaweka muvi moja ya Hollywood, jina lake siitaji, ina kipande cha hadithi kinachotokea huku kwetu mwambao. Ikafika sini ya msiba. Mama wa Pwani anamlilia mwanawe aliyezama baharini, kamera imemsogelea mpaka unaona chozi linavyotiririka, muziki umenyamaza, halafu yule mama anafungua mdomo anasema "mtoto yangu". Bamdogo akacheka. Mzee wa miaka 71, aliyezika mabaharia wenzake, anacheka mbele ya msiba. Akanyoosha kidole kwenye TV: "Mwanangu, hebu itazame kanga yake." Nikaitazama. Jina la kanga liko kichwa chini, na kanga yenyewe bado mpya, haijapindwa, nyuzi zinaning'inia.

Imeniuma mpaka leo naandika hapa. Yule dada alikuwa analia kwelikweli jamani, kajitoa moyo wote, na kwenye lile kundi zima la watu wa mavazi, wa sauti, wa taa, hakupatikana hata mmoja wa kumwambia dada, huku tunasema "mwanangu", na hiyo kanga igeuze. Simlaumu yeye. Namlaumu aliyemchagua halafu akamwacha peke yake, na aliyekaa nyuma ya kamera akaridhika.

Sisi tukiongelea muvi tunaongelea steringi, alivyopiga, alivyokimbia, gari lilivyolipuka. Lakini muvi inapona au inakufa mapema zaidi, siku dairekta anapoamua nani avae uhusika gani, na siku anapoamua amsikilize nani. Kwa sababu mtazamaji anayepajua mahali haibiwi. Sikio lake likishakataa neno moja tu, huwezi kumrudisha tena, hata uweke mabomu mangapi.

Chukua Captain Phillips ya 2013. Meli ya Maersk Alabama ilitekwa na maharamia wa Kisomali Aprili 2009 ikiwa njiani kuja Mombasa, kwa hiyo hii ni habari ya bahari yetu. Dairekta ni Paul Greengrass, Mwingereza aliyeanzia kwenye vipindi vya uchunguzi vya televisheni. Angeweza kabisa kuchukua mwigizaji yeyote mweusi mwenye jina, akamfundisha lafudhi wiki mbili, na watu wengi duniani wasingegundua kitu. Badala yake wakaenda kufanya usaili Minneapolis, mji wenye Wasomali wengi kule Marekani, na walijitokeza watu zaidi ya 700. Kwa uhusika wa kiongozi wa maharamia akapatikana Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, kijana aliyewahi kuendesha limuzini, hajawahi kuigiza muvi hata moja, yeye na wenzake watatu ambao nao hawakuwa na majina.

Sasa kumpata mtu ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ndiyo inayowashinda wengi. Unaweza ukamuokota mtu sahihi ukamharibu vilevile, ukamsimamisha kama mlingoti ukampa maneno ya kukariri. Greengrass hakutaka hawa vijana waonane kabla na Tom Hanks, anayeigiza kapteni wa meli. Hawakusalimiana, hawakunywa chai pamoja, hakuna kuzoeana. Mara ya kwanza Hanks anawaona uso kwa uso ni pale wanapoingia chumba cha usukani wa meli na bunduki na kelele, kamera inazunguka. Ule mshtuko unaouona usoni kwa Hanks una ukweli ndani yake. Na yale maneno ambayo dunia nzima inayajua, "Niangalie, sasa kapteni ni mimi", Abdi mwenyewe amesema yalimtoka palepale, hayakuwa kwenye skripti. Yaani kijana asiye na uzoefu wowote yuko mbele ya mshindi wa Oscar mbili na anaongeza neno lake, na dairekta halikati! Wangapi wangelikata? Wangapi wangesema bwana mdogo, fuata kilichoandikwa?

Abdi akachaguliwa kuwania Oscar na akabeba tuzo ya BAFTA. Muvi ya kwanza.

Hii haikuanza leo. Paramount hawakumtaka Marlon Brando wala Al Pacino kwenye The Godfather, dairekta Coppola akakaza, na mwaka 1972 kila mtu akaona.

Haya, nakubali, bila jina la Tom Hanks pengine hela ya kutengeneza ile muvi isingetoka. Majina yanauza. Queen of Katwe ya 2016 aliitengeneza Mira Nair, ambaye Kampala ni kwake, ameishi pale miaka mingi, na uhusika wa Phiona, yule binti wa mtaa wa Katwe aliyeng'ara kwenye chesi, akampa Madina Nalwanga, binti wa Kampala waliyemkuta kwenye darasa la ngoma, naye alishawahi kuuza mahindi barabarani kama Phiona mwenyewe. Tazama anavyobeba vile vitu kichwani, shingo yake ilivyotulia, hilo hakuna mwalimu wa kumfundisha mtu kwa wiki mbili. Ni kazi nzuri sana, lakini ilitengenezwa kwa dola milioni 15 hivi na sinema zikarudisha kama milioni 10 tu, na hata Lupita Nyong'o ndani yake hakuiokoa. Hilo nalijua na linanisikitisha, ila hasara ya tiketi haigeuzi kazi nzuri ikawa mbaya.

Na kuna mtu ataniambia, mbona Forest Whitaker si Mganda na Idi Amin alimwigiza kwenye The Last King of Scotland mpaka nywele zikasimama? Kweli kabisa. Lakini angalia alivyofanya: alikwenda Uganda, akakaa na watu waliomjua Amin, akajifunza Kiswahili, na dairekta Kevin Macdonald akaipiga muvi hukohuko Uganda, mbele ya watu ambao wengine walikuwa na makovu ya ule utawala. Huwezi kudanganya ukiwa umezungukwa na watu wa namna hiyo. Kwa hiyo sidai kila uhusika wa Pwani apewe mtu wa Pwani. Nadai mtu wa Pwani awepo pale, aulizwe, na akisema hapana asikilizwe. Mama mmoja tu aliyeolewa Pangani angetosha kuuokoa ule msiba.

Basi ile muvi tukaizima hata haijafika nusu, nikaweka Captain Phillips. Bamdogo alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi, wale vijana walipoingia usukani akakiweka chini na hakukigusa tena. Tukafika mwisho, Hanks kaokolewa, shati limelowa damu, anaingizwa kwenye zahanati ya meli ya kivita, na dada mmoja wa jeshi anaanza kumkagua na kumuuliza maswali naye anashindwa hata kujibu, anatetemeka tu. Hiyo sini hawakuwa wameiandika, waliipata wakiwa ndani ya meli yenyewe, na yule dada ni mhudumu wa afya wa jeshi la majini, kazi yake ya kila siku. Bamdogo sikuwa nimemwambia lolote kati ya hayo. Akasogea mbele kwenye kiti, akatazama kidogo, akasema, "Huyu anauliza huku mikono yake inafanya kazi. Huyu haigizi."