Uvimbe sugu kwa wazee wetu: manjano, vidonge au sahani ya nyumbani?

Kwenye hili la uvimbe wa ndani kwa wazee kuna pande mbili na kila upande umekaza. Huku wanasema achana na dawa za hospitali, kunywa manjano na tangawizi asubuhi na jioni. Kule wanasema hayo ni mambo ya kizamani, meza diklofenaki, kile kidonge cha maumivu, mama ulale. Mi nauguza mama mwenye magoti mwaka wa sita huu na naona wote wana mahali wanakosea, ila hawakosei sawasawa.

Uvimbe ninaosema sio wa jeraha, ni ule wa chini chini, kinga ya mwili inawaka miaka na miaka haizimi, unachangia maumivu ya viungo, kisukari, moyo. Umri wenyewe unauongeza, kitambi nacho, sigara nayo.

Watu wa asili wana hoja nzito kuliko wanavyopewa. 2025 jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti uliofanyika Kilimanjaro, watafiti wa hospitali ya KCMC Moshi na wenzao wa chuo kikuu cha Radboud Uholanzi, wanaume vijana 77. Waliozoea chakula cha kijijini wakapewa cha kizungu wiki 2 tu, viashiria vya uvimbe kwenye damu vikapanda na kinga ikalegea. Waliozoea cha kizungu wakarudishwa kwenye maharage, mboga za majani na vyakula vilivyochachushwa, vikashuka, waliokunywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, wiki 1 nao vikashuka, na baada ya wiki 4 baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo. Wiki 2 jamani! Ila hao ni vijana wazima, sio bibi wa miaka 74 mwenye presha, na mbege ni pombe, asije mtu akamnywesha mzazi wake kwa utafiti huu.

Manjano sasa. Ile kurkumini, kemikali ya ndani ya manjano inayosifiwa kupunguza uvimbe, ni kama asilimia 3 tu ya unga, na mwili unaifyonza kidogo mno, ndo maana watu wanachanganya na pilipili manga, na kweli inasaidia kufyonza. Lakini vidonge vyake vilivyokolezwa vimeshaumiza watu ini Marekani na Italia, na mzee anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akizidisha manjano anaweza kutokwa damu vibaya. Kwenye mchuzi aweke tu, ya kwenye kopo amuulize daktari kwanza.

Upande wa vidonge nao siwabezi, mtu analia usiku huwezi kumwambia vumilia ule mchicha. Kinachoniuma ni mazoea. Mama alikuwa ananunua diklofenaki duka la dawa miezi na miezi, hakuna aliyemuuliza presha yake ikoje, mpaka miguu ikajaa maji na presha ikapanda, na dawa hizi kwa mzee zinaweza kutoboa tumbo na kuchosha figo.

Kilichomsaidia zaidi hakiuzwi kwenye kopo: kutembea jioni, kukaa na kusimama kwenye kiti mara 10 mara 10, na kupungua mwili, maana kilo 1 ikitoka goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kila hatua. Sahani yake ni dona, maharage, mchicha, dagaa. Kidonge bado kipo kwenye droo, anameza siku magoti yakikaza kabisa, na daktari wake anajua.