Moyo Haungoji Bando

Mjomba wangu aliletewa saa ya mazoezi na mwanawe aliyeko Dubai, na kwa wiki tatu nzima saa hiyo haikumwambia hata wakati. Aliichaji, akaivaa, akaiwasha. Kiooni pakatokea picha ya simu na mraba wa madoa meusi wa kuskeni, na hapo ikasimama. Ijumaa moja baada ya swala alikuja kwangu Kibokoni, Mombasa, akanyoosha mkono mbele yangu kama mtu anayepimwa presha, akanambia, "Mwanangu, hebu nitazamia hiki chombo. Chanidai simu, na simu yangu mimi ni hii." Akatoa mfukoni kabambe yake ya vitufe, akaiweka juu ya meza.

Nilimshughulikia kwa simu yangu. Nikaipakua programu ya saa, ikataka akaunti. Akaunti ikataka baruapepe, na mjomba hana baruapepe, nikatia yangu. Ikataka tarehe ya kuzaliwa, uzito, urefu. Kisha ikasema kuna toleo jipya na lazima lishuke kwanza, nikaliona bando la siku nzima likiyeyuka. Ilipokwisha, saa ikafunguka, taa za kijani zikawaka chini yake, na pale pale ikaonyesha mapigo 78 kwa dakika. Kumbe chombo kile kilikuwa na uwezo wa kuusoma moyo wake tangu siku ya kwanza, ila kilizuiwa. Na mpaka leo, katika seva, yaani kompyuta, za hiyo kampuni, moyo wa mjomba wangu umeandikwa kwa jina langu.

Jambo hilo limenikaa rohoni, na ndilo lililonifanya niandike. Mimi mwenyewe navaa saa ya aina hii mwaka wa nne sasa, tangu daktari aliponiambia presha yangu imeanza kupanda na dawa ya kwanza ni miguu yangu. Kila alfajiri natoka na jirani zangu wawili, tunapita Ngomeni, tunashika njia ya Mama Ngina mpaka kwenye mibuyu, tunageuza. Saa iko chini ya mkono wa buibui. Kwa miaka hiyo minne nimefikia msimamo mmoja: kazi ambayo mtu hununulia saa ya mazoezi haihitaji intaneti hata chembe, na kampuni inayoifunga saa mpaka upate intaneti inamnyima mtu kitu alichokwisha kukilipia.

Tuitazame kazi yenyewe. Zile taa za kijani humulika ngozi. Damu humeza mwanga wa kijani, kwa hivyo kila moyo unapopiga na damu kujaa kwenye mishipa ya kifundo cha mkono, mwanga unaorudi hupungua kidogo, na kihisi kilicho katikati ya taa huhesabu kule kupungua. Hatua huhesabiwa na kipande kidogo kinachohisi mtikisiko wa mkono. Yote hufanyika ndani ya kitu kisichozidi biskuti kwa ukubwa, kati ya ngozi yako na kioo. Hakuna sehemu ya hesabu hiyo inayolazimika kupita Marekani wala China ndipo irudi.

Panapowachanganya watu wengi ni GPS, mfumo wa setilaiti wa kujua mahali ulipo. Nimeshaulizwa mara nyingi, "Sasa ukizima data itajuaje umetembea wapi?" Itajua kwa setilaiti. GPS ya Marekani ina setilaiti zisizopungua 24 zinazozunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,000 na zaidi, na saa nyingi siku hizi husikiliza pia Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China. Nasema husikiliza kwa sababu saa haizipelekei setilaiti hizo neno lolote. Inapokea tu, kama redio. Ikizisikia nne kwa wakati mmoja, inapiga hesabu ya mahali ulipo. Redio ya mjomba haijawahi kununua bando ili isikie taarifa ya habari ya saa moja, na saa yake haina sababu ya kununua bando ili ijue iko Makadara.

Intaneti ina faida moja hapa ambayo siwezi kuificha, nayo ni wepesi. Saa ikiunganishwa na simu yenye data hupewa mapema habari za mahali setilaiti zilipo angani, basi inazishika kwa sekunde chache. Bila msaada huo inabidi izisikie habari hizo kutoka angani kwenyewe, na setilaiti huzituma polepole mno: nusu dakika kwa kila setilaiti, tena mradi pasitokee kizuizi katikati. Nililijua hili kwa kusumbuka. Nilikuwa nikibonyeza kitufe cha kuanza hapo hapo mlangoni kwangu, kwenye vichochoro ambavyo majumba ya ghorofa yametazamana mpaka anga ni mkanda mwembamba juu ya kichwa. Mawimbi yanagonga kuta, yanachelewa, saa inadanganyika. Nikirudi na kutazama ramani naona mstari wangu umepita katikati ya nyumba za watu, na siku moja uliingia baharini kule bandari ya majahazi. Sasa nabonyeza tukifika uwanja ulio mbele ya ngome. Tunasimama pale dakika moja au mbili bila kujongea, upepo wa bahari ukitupiga, mmoja wetu akifunga upya kamba za viatu, mpaka saa itetemeke mkononi kuniambia iko tayari. Tangu hapo mstari haujaingia baharini tena, na data yangu imezimwa.

Kuna miezi ambayo namba ile ya mapigo mkononi kwangu ni zaidi ya pambo. Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, joto la Mombasa na unyevu wake havipoi hata alfajiri. Natembea mwendo ule ule, njia ile ile, lakini mapigo yanayokuwa 110 wakati wa kusi yanapanda hadi 125, kwa sababu moyo unasukuma damu kwa kazi na vilevile kwa kuupoza mwili. Wenye kukumbuka mashindano ya dunia ya mbio za nyika yaliyofanywa kwenye uwanja wetu wa gofu tarehe 24 Machi 2007 watanielewa. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuja akiwa bingwa na hazoei kushindwa, aliacha mbio njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa ushindi. Kama joto la hapa liliweza kumsimamisha mwanamume yule, mimi mwenye presha sina ruhusa ya kulipuuza. Nikiona namba imepita pale daktari aliponiwekea, napunguza mwendo pale pale chini ya mbuyu. Namba hiyo naihitaji dakika ile ile. Ikinifikia jioni, baada ya kupita kwenye seva, hainifai kitu.

Na intaneti yenyewe hukatika. Sisi wa Mombasa ndio tungepaswa kulijua hilo kuliko wote, kwa kuwa nyaya za chini ya bahari zinazoilisha Kenya zinatua hapa kwetu: TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa nzito Afrika Mashariki nzima. Jumatatu yake nilikuwa na miadi ya kliniki. Nilitaka kumwonyesha daktari mapigo yangu ya mwezi mzima, nikafungua programu, ikazunguka, ikazunguka, ikaniambia nijaribu baadaye. Data ya mwili wangu mwenyewe, iliyopimwa kwenye mkono wangu mwenyewe, nami nimekaa mbele ya daktari, haikupatikana. Mkononi palikuwa na hatua za asubuhi ile tu. Daktari aliandika alichopima yeye, nikaondoka.

Wala si nyaya peke yake. Julai 2020 Garmin, kampuni ya kutengeneza saa hizi, ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao walioifunga baadhi ya mitambo yake, na huduma zake zikazimika kwa siku kadhaa duniani kote. Saa za watu ziliendelea kurekodi mazoezi kama kawaida, na wengine waliweza kuchomeka waya kwenye kompyuta wakachukua faili zao. Kilichokwama ni kuyapeleka kwenye seva za kampuni. Na Pebble, saa iliyopendwa sana, kampuni yake ilifungwa mwishoni mwa 2016, seva zikazimwa katikati ya 2018, na kama si watu wa kujitolea waliojenga huduma mbadala, mambo mengi ya saa zile yangepotea ilhali saa zenyewe bado nzima. Saa ya mkono ya marehemu babu yangu ilimfikia baba yangu ikiwa inafanya kazi. Sioni kwa nini tukubali saa ambayo uhai wake uko mikononi mwa mtu aliye mbali.

Kuna na hili la siri. Nilipokuwa nikibonyeza kitufe mlangoni, njia yangu kwenye ramani ilianzia kwangu, saa ile ile, kila siku. Mtu akiipata ramani hiyo anajua naishi wapi na lini sipo. Kwa mwanamke anayetoka kabla ya jua kuchomoza hili ni jambo zito. Novemba 2017 Strava, programu ya kurekodi mazoezi, ilichapisha ramani ya dunia ya njia za wanamazoezi, na Januari iliyofuata watu wakagundua kwamba kambi za kijeshi zilikuwa zinaonekana humo, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia na saa zao. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti. Naiunga mkono kwa moyo wote, lakini data ambayo haijatoka nyumbani kwangu haihitaji sheria ya kuilinda.

Mpwa wangu ananiambia, "Mama, leo nani hana bando?" Anasema hivyo kwa sababu ana waifai kazini. Jirani yangu mmoja ana bando la siku Jumatatu, Jumatano hana. Mjomba hana kabisa. Tena sikatai kwamba yapo mambo yanayotaka intaneti kweli: hali ya hewa, ujumbe, nyimbo, matoleo mapya, na kwa saa nyingine hata uchambuzi wa usingizi hufanywa kwenye seva. Nayakubali yote hayo, ila yawe ya hiari. Kuhesabu hatua na kusoma moyo yasiwe rehani yake.

Kwa mwenye simu ya Android iko njia nyingine ninayoitumia mwenyewe siku hizi. Inaitwa Gadgetbridge, programu ya bure iliyotengenezwa na watu wa kujitolea, inayozungumza na saa kwa Bluetooth tu, bila intaneti, na kila kitu kinabaki ndani ya simu yako. Haizikubali saa zote. Nyingine zinataka ufunguo ambao lazima kwanza uutoe kwenye akaunti ya kampuni, kwa hivyo angalia orodha yake kabla hujalipa. Ukibaki na programu ya kampuni, jua kumbukumbu ya saa ina mwisho. Saa nyingi za Fitbit, kwa mfano, huhifadhi mambo ya kila dakika kwa siku saba na jumla za siku kwa siku 30. Ukikaa mbali na simu zaidi ya hapo, ya mwanzo yanafutika.

Mjomba ameshapata njia yake. Ana daftari lenye jalada la buluu, lile lile analoandikia presha akipimwa. Kila usiku kabla ya kulala anatazama saa, anavaa miwani, anaandika kwa peni: tarehe, hatua, mapigo akiwa amekaa. Ukurasa wa kwanza una namba za elfu tatu tatu. Kurasa za karibuni zimefika elfu sita. Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki, na daktari alilipokea daftari kwa mikono miwili, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akampunguzia kidonge kimoja.

Sasa jirani yangu anataka kununua ya kwake, na tumekubaliana twende pamoja madukani Moi Avenue. Nitamwomba muuzaji aifungue saa mbele yetu, tuzime data na Bluetooth za simu, tuivae, tutembee mpaka kwenye zile pembe kubwa za ndovu za barabarani na kurudi. Tukirudi dukani ikiwa na hatua, umbali na mapigo ya moyo, tutalipa. Ikiwa bado inaonyesha picha ya simu, tutamrudishia sanduku lake na kwenda duka la pili.