Mkono Nao Upewe Namna ya Kunyamaza

Jumamosi mdogo wangu aliniwekea kompyuta mezani akaniambia, "Kaka, punga mkono tu mbele ya kamera, muziki utatoka." Ukatoka kweli, ila haukukoma. Nashusha mkono ninywe chai, sauti inateremka nao. Shangazi kaingia, nanyoosha mkono kumwamkia, programu ikapiga yowe katikati ya shikamoo yangu. Nilikasirika, na bado nina hasira.

Mimi napiga fidla. Nikiinua upinde, nyuzi zinatulia, na mwimbaji anapata nafasi ya kuvuta pumzi. Mwalimu wangu alinifundisha kuuinua kabla hajanifundisha kuuvuta.

Lev Termen alilijua hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Theremini, ala ya umeme aliyoiunda Urusi, hupigwa bila kuguswa: mkono wa kulia ukiisogelea antena ya wima, noti hupanda. Wa kushoto nao hushuka juu ya antena ya kitanzi, sauti ikafifia hadi kuzimika. Mkono mzima umetengewa kazi hiyo! Clara Rockmore, aliyelazimika kuiacha fidla kwa maradhi ya mkono, aliipiga theremini noti moja moja, kila moja imesimama peke yake, kwa sababu mkono wa kushoto ulimkatia sauti katikati.

Leo programu inasoma nukta 21 kwenye kila kiganja, na wabunifu wanazitumia zote kuongeza. Kidole hiki ngoma, kile mwangwi, kile besi. Cha kufunga sauti hakuna! Jamani, ngumi ingetosha: nikikunja, kimya; nikifungua, sauti. Na mkono ukitoka mbele ya kamera, noti ikatike, isibaki inalia kama mtoto aliyesahaulika.

Kamera ya picha 30 kwa sekunde kuchelewesha sauti ni shida nyingine. Kulazimisha kila mtelezo wa sauti uangukie kwenye noti 12 za piano, bila zile zilizo kati yake, hilo kwa sisi wa taarabu nitaliandikia siku yake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mtu ambaye vidole vyake haviwezi kubana uzi anafunguliwa mlango hapa. Kwa ajili yake hasa, kazi hii ifanywe vizuri.

Jana usiku mdogo wangu kaniandikia: ngumi imekubali. Kesho naenda kwake na fidla.